Kichochoro cha Futi Tano

Nyinyi vijana mnaopima ardhi kwa mashine ya miguu mitatu inayozungumza na setilaiti, nawaonea wivu, sikatai. Juzi niliwaona wawili wenu hapa Busia, nyuma ya soko. Mmoja alisimamisha mashine, mwenzake akabonyeza kitu, wakaandika namba, wakaenda kunywa soda. Robo saa haikuisha. Nilikaa kwenye benchi ya fundi viatu nikisubiri waanze kazi, kumbe ndiyo ilikuwa imeisha hivyo.

Kabla hawajaondoka, yule mdogo akamwuliza mwenzake, "Hii chocho inaitwaje kwa ramani?" Mwenzake akasema haina jina, ni kichochoro tu. Nilitaka kuinuka nimshike sikio. Si kwa sababu amekosea, ila kwa sababu ya hilo neno "tu". Hilo neno mimi nililisema mahali palepale, nikiwa na umri kama wake, na likaniletea aibu ninayoibeba hadi leo. Kwa hiyo kaeni niwaeleze.

Mimi nilikuwa mshika cheni. Cheni ya kupimia si mnyororo wa kufungia mbwa. Ni vipande mia vya waya mnene, kila kimoja futi moja, vimeunganishwa kwa pete ndogo, na kila baada ya vipande kumi pananing'inia kibati cha shaba cha kukusaidia kuhesabu. Inashikwa na watu wawili. Anayetangulia huitwa kichwa, anayefuata huitwa mkia. Kichwa anavuta, anachomeka mshale wa chuma ardhini, mkia anafika pale na kuuchomoa. Mwisho wa safari unahesabu mishale iliyo mkononi mwa mkia, unajua mmetembea cheni ngapi. Ukiangusha mshale mmoja kwenye nyasi bila kujua, umemnyima mtu futi mia za shamba, na atakutafuta.

Mimi nilikuwa mkia. Kichwa wangu alikuwa Mzee Okiring, Mteso wa upande wa Amukura, karibu na Malaba. Mwajiri wetu alikuwa Bwana Makokha, savea aliyekuwa na ofisi ya chumba kimoja Busia, meza moja, na suruali mbili tulizozijua. Okiring hakuwa na mazoea ya kuita watu kwa majina yao. Alikuita kwa mahali ulikotoka. Mimi ni wa Marachi, kwa hiyo miaka yote aliniita Marachi, hata mbele ya mke wangu.

Sijapata kuona mtu anayejua ardhi kama yule mzee. Alikuwa akitembea shambani mara moja, mikono nyuma, halafu anakwambia mpaka wa zamani ulipita wapi, kwa kuangalia tu jinsi majani yalivyoota. Hakusoma zaidi ya darasa la tatu. Bwana Makokha, mtu mwenye vyeti, alikuwa akimaliza hesabu zake kwenye karatasi halafu anamgeukia na kumwuliza, "Mzee, unaonaje?" Nilimpenda Bwana Makokha kwa swali hilo.

Sasa, kuhusu kichochoro.

Mjini tulipima viwanja, na viwanja vina vichochoro kati yake. Okiring hakupenda kuvipima kwa futi peke yake. Alikuwa na kipimo chake. Kulikuwa na kichochoro cha kuku, ambacho mtu anapita kiubavu akijisugua ukutani. Halafu kichochoro cha mtu. Halafu cha mama na kuni, maana mzigo wa kuni hubebwa kichwani ukiwa umekingama. Halafu cha mkokoteni. Na kikubwa kuliko vyote kilikuwa kichochoro cha jeneza, watu watatu huku na watatu huku, bila mtu kuchubua vidole. Futi zilipoanza kuondolewa zikaja mita, Bwana Makokha alituletea tepu mpya. Okiring akaipokea kwa adabu, akaikunjua, akaitazama mbele na nyuma.

"Sasa hii, mama na kuni ni mita ngapi?"

Bwana Makokha alicheka mpaka akavua miwani. Lakini aliandika. Ninakumbuka aliandika kwenye daftari lake, mama na kuni, na mbele yake akaweka mita.

Kuna adabu ya kuingia vichochoroni ambayo hamfundishwi huko chuoni. Zamani zile bafu nyingi zilikuwa za nyasi na magunia, na mlango wake ulitazama kichochoroni. Kabla ya kuingia ilikuwa lazima upaze sauti, "Cheni inapita!" Halafu unangoja. Unasikia maji yanamwagika haraka haraka, nguo inavutwa, mtu anakohoa, ndipo unaingia. Wiki yangu ya kwanza nilisahau. Niliibuka na mishale yangu mkononi mbele ya bibi mmoja mnene aliyekuwa amejipaka sabuni mwili mzima. Hakupiga kelele. Alichukua karai lote na kunimwagia. Nilifanya kazi siku ile nikinuka sabuni ya kipande, na Okiring akawa ananitambulisha kwa kila tuliyekutana naye, "Huyu ni Marachi, ameoga leo."

Lakini neno lenyewe lilitoka wapi? Hilo nalo lilikuwa gumzo letu la mchana, tukila muhogo. Okiring alisema kwao njia ni *erot*, iwe pana au nyembamba. Kwetu Marachi tunasema *enjira*. Waganda waliovuka kuja kuuza ndizi walisema *kkubo*. Kila mtu alikuwa na neno la njia, lakini la njia ya katikati ya kuta mbili hakuna aliyekuwa nalo, kwa sababu nyumbani kwetu hakukuwa na kuta mbili zinazotazamana hivyo. Nyumba ilikaa peke yake ikiwa na uwanja wake. Mji ulipokuja ukabana watu, tukahitaji neno, tukachukua lile lililokuja na watu wa pwani waliofuata reli na malori. Hayo ni maoni yangu, na mwenye kitabu anaweza kuniambia nimekosea.

Maana nayo haikutulia. Miaka ile bidhaa zilipoanza kuadimika kule Uganda, watu walivusha sabuni na chumvi kwa kichwa, wakipita mashamba ya mtama, mahali pasipo na ukuta hata mmoja, na wakirudi wanasema, "Tumepita kichochoro." Neno likawa limetoka mjini likaenda porini, maana yake pale usipoulizwa unakwenda wapi. Baadaye likaingia maofisini. Mtu anakwambia kwa sauti ya chini atakutafutia kichochoro, na hapo hazungumzii kuta. Nyinyi leo mmelikata mkia mnasema chocho. Sina ugomvi na hilo, mradi mnajua mnakanyaga nini.

Aliyenieleza asili yake vizuri kuliko wote alikuwa dereva wa lori kutoka Mombasa, na siku hiyohiyo ndiyo niliyofanya kosa ambalo nataka mlijue.

Bwana Makokha alikuwa amenituma Malaba na cheni, nikamalize kazi ndogo ya kiwanja kimoja na mtu wa huko. Kutoka Busia nilipata lifti kwa huyo dereva, lori lake limebeba mapipa ya mafuta. Mvua ilikuwa imenyesha, barabara ni matope tupu. Njiani alinihadithia mji wake, jinsi nyumba zilivyogeuziana migongo hata mtu akifungua dirisha upande huu anaweza kupokea chumvi upande wa pili.

"Sasa pale katikati ndipo uchochoroni," akasema. "Wazee wetu husema ni mambo ya kuchocha. Wajua kuchocha? Watia kijiti tunduni kutafuta kitu. Basi nawe wajichocha baina ya nyumba mbili, watokea upande wa pili."

Nilifurahi kama niliyeokota kitu. Nilipanga nikamwambie Okiring, nimshinde walau siku moja.

Tulipopita Alupe kidogo, kamba iliyofunga mapipa ikakatika. Mapipa mawili yakaanza kutembea. Taniboi, msaidizi wake aliyekaa nyuma na mzigo, akaruka, akashika kichwa. "Boss, kamba imekwisha kabisa! Hatufiki Malaba hivi." Dereva akashuka, akatazama kushoto na kulia, porini hakuna kamba. Mimi nimekaa nimepakata mfuko wenye futi mia za chuma.

Mnaona mambo hayo yanakoelekea. Nilikuwa nimepewa lifti ya bure, nimehadithiwa, nimeitwa ndugu. Nikaitoa cheni. Taniboi akaizungusha kwenye mapipa mara tatu, akaingiza gongo la mti, akaipiga msokoto mpaka ikalia. Mapipa yakatulia. Nilijiona mwanamume mwenye msaada. Tulifika Malaba, dereva akaninunulia chai na mandazi manne.

Nilipoifungua niliona pete kadhaa zimeachama kidogo. Nikachukua jiwe nikazigongagonga, zikafumba. Nikaona yamekwisha.

Sasa ni lazima mjue kawaida yetu ya asubuhi. Uani kwa Bwana Makokha kulikuwa na vigingi viwili vya zege, futi mia kamili toka kimoja hadi kingine. Kila asubuhi kabla ya kazi, cheni ililazwa pale. Ikizidi au ikipungua, inarekebishwa pete kwa pete. Kazi hiyo ilikuwa ya mkia. Kesho yake tulikuwa na kazi kubwa Busia, safu ya viwanja kumi na vinne, vyote vya futi hamsini, kutoka bikoni ya barabarani, chuma cha mpaka kilichosimikwa kwa zege, hadi stoo ya mawe iliyokuwa ya pamba. Kati ya kiwanja cha mwisho na ukuta wa stoo kilipaswa kubaki kichochoro cha futi tano. Nilichelewa kuamka. Okiring alikuwa ameshatangulia na vijiti vya rangi.

Nilipofika nikihema aliniuliza kama alivyoniuliza kila siku.

"Marachi, umepima?"

"Nimepima, Mzee."

Hakuniangalia mara mbili. Aliniamini, akashika kichwa cha cheni akaanza kuvuta.

Tulifanya kazi vizuri mpaka alasiri. Kwenye bikoni ya mwisho mawingu yakafunga, na Bwana Makokha akamwita Okiring upande wa pili kuamua ugomvi wa wenye viwanja wawili. Mzee akaniachia nimalize. Nilichimba, nikasimika chuma, nikamwaga zege, mvua ikaanza. Ilibaki jambo moja, kupima nafasi iliyobaki hadi ukuta wa stoo. Pale palikuwa na vichaka na rundo la matofali, jicho halikuona vizuri. Nikajiambia, yaliyobaki ni kichochoro tu. Nikakimbilia barazani.

Nyuma ya ile stoo aliishi Mama Taaka. Ningependa mngemwona. Alikuwa mjane wa Kisamia, mrefu, mikono ya kazi, na alisukuma mkokoteni. Wakati ule mwanamke kusukuma mkokoteni Busia ilikuwa kioja. Vijana wa stendi walimwimbia, yeye akawaambia, "Imbeni vizuri, nisukume na mdundo." Samaki wakavu wakiletwa kutoka Funyula, yeye ndiye aliyewapokea barabarani na kuwapeleka sokoni. Watoto watatu walisoma kwa magurudumu mawili. Mkokoteni wenyewe aliundiwa na fundi, upana wake futi tatu na nusu, na jioni aliupitisha kando ya stoo na kuulaza uani kwake, ameufunga kwenye nguzo ya nyumba. Mkokoteni uliolala barabarani miaka ile asubuhi uliukuta hauna miguu.

Mvua ilisimamisha upimaji, cheni ikakaa mfukoni. Kama wiki mbili baada ya kazi yetu, mwenye kiwanja cha mwisho, Bwana Sifuna, wakala wa kupitisha mizigo mpakani, alisimamisha miti ya uzio kwenye mstari wa bikoni. Jioni hiyo Mama Taaka alirudi na mkokoteni wake, akajaribu kuingia, haukuingia. Akajaribu kinyumenyume. Haukuingia.

Asubuhi tulimkuta amekaa juu ya mkokoteni mbele ya ofisi yetu, amejifunika kanga. Alikuwa ameulinda usiku kucha.

"Mzee Okiring," akasema, "mimi sijakuja kupiga kelele. Nimekuja kuuliza tu. Mulisema njia ya mkokoteni itabaki. Mulisema mbele ya watu. Sasa nilale nje na hii kitu mpaka lini? Na nikiuza, watoto watakula nini?"

Okiring alichukua fimbo yake akaenda kando ya stoo, akaipima nafasi kwa shubiri. Nilimfuata. Kilikuwa kimebaki kama futi mbili na nusu. Alipita na kurudi, kiwiko kimoja kikigusa mti wa Sifuna na kingine kikigusa jiwe la stoo. Kichochoro cha mtu, na mtu mwenyewe mwembamba.

Tukarudi uani. Akailaza cheni kwenye vigingi. Ilizidi karibu nusu shubiri.

Fanyeni hesabu wenyewe. Viwanja kumi na vinne vya futi hamsini ni cheni saba. Kila cheni nusu shubiri. Kila mwenye kiwanja alipata inchi mbili na ushee za zawadi bila kujua, na zote zilitoka kwenye njia ya Mama Taaka.

"Marachi, hii cheni imefanya nini?"

Nikamwambia ni jua. Chuma kikipata joto kinarefuka, yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha.

Akakubali kwa kichwa. Akaniambia tuiache palepale vigingini. Tulikaa kivulini kuanzia asubuhi mpaka saa saba mchana, jua likiwaka hasa. Alikula muhogo wake, akanimegea. Saa saba akaniita tukatazama. Cheni ilikuwa imeongezeka, ndiyo, kiasi cha mbegu moja ya mtama, labda mbili.

"Jua ya Busia haina nguvu hiyo yote," akasema. "Sema tu, kijana."

Nikasema. Nilimwambia yote, mapipa, gongo la taniboi, jiwe, mandazi manne, na kwamba asubuhi ile sikupima. Nililia, siwafichi. Nilikuwa na mke mpya na mtoto mchanga, hatukuwa na shamba, baba yangu alikuwa ameligawa likaisha. Nilijua Bwana Makokha akisikia, mimi ni wa kurudi kijijini kutazama dari.

Okiring alinisikiliza hadi mwisho. Halafu akaniambia jambo ambalo ningetaka mliandike ndani ya vifuniko vya mashine zenu.

"Kiwanja kina mwenyewe, atapiga kelele. Kichochoro haina mwenyewe. Kwa hivyo mwenyewe ni sisi."

Wenye viwanja wote kumi na wanne waliitwa. Nilikuwa nimejiandaa kusimama na kusema. Lakini Okiring alisimama kabla yangu, akavua kofia. "Cheni ilikuwa ndefu. Tunapima upya." Watu wakanung'unika, maana kila mmoja alikuwa anarudisha inchi zake mbili alizokuwa hazijui. Sifuna akaruka.

"Bikoni ni bikoni! Mimi sikuleta, mulileta nyinyi. Miti yangu nitoe niende nayo wapi? Nani alikosea? Mutuambie jina!"

"Anayeshika kichwa cha cheni ndiye anajibu," Okiring akasema. "Mimi ndiye nashika kichwa."

Nilifikiri ni desturi ya kazi, namna ya kusema tu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo, nikaufunga. Na nilipoufunga niliona raha. Nawaambia ukweli huo kwa sababu hakuna anayenilazimisha.

Sifuna aliingia ofisini kwa Bwana Makokha, mlango ukafungwa, wakakaa kitambo. Alipotoka alikuwa ametulia. Akasema sawa, ataondoa miti.

Tulipima upya kwa tepu ya chuma ya kuazima, ya futi, maana ile yetu ilikuwa ya mita, tukarudia na kile kiwanja cha Malaba. Halafu ikaja siku ya kupitisha, ambayo nayo ilikuwa desturi ya Okiring mwenyewe. Kichochoro hakikuandikwa kwenye ramani mpaka kitu chake kipite mbele ya majirani. Majirani wa pande mbili hushika kamba kila mmoja kwenye mpaka wake, ili kesho asije mtu kusema hakujua. Upande wa stoo alishika mlinzi wake. Upande wa pili alishika Sifuna, kwa vidole viwili, kama aliyeshika mkia wa panya. Mama Taaka alikuja na mkokoteni umejaa magunia ya samaki, na watu wa stendi wakajaa.

Okiring akaniita. "Marachi, wewe ndiye utasukuma."

Mama Taaka akaniachia mipini. Niliinama nikasukuma. Nilisikia gurudumu likipita juu ya udongo mbichi nilikong'oa bikoni yangu mbaya. Kila upande palibaki nafasi ya shubiri moja. Hakuna kilichoguswa, si kamba, si jiwe. Nilipotokea uani watu wakapiga makofi, na jasho lilikuwa linanitoka kana kwamba nimebeba stoo yenyewe.

"Haya, rudi nayo," Mama Taaka akasema. "Samaki si wa kulala hapa." Watu walicheka, hata Sifuna.

Jumatatu iliyofuata Okiring hakuja. Bwana Makokha akaniambia mzee amechoka, ameamua kwenda kupumzika kwake, na kuanzia leo mimi ndiye kichwa. Niliamini kwa sababu nilitaka kuamini. Nilipewa mkia mpya, nikamfundisha kupima cheni vigingini, nikamfundisha kupaza sauti kabla ya kuingia vichochoroni. Wanangu walisoma kwa kazi hiyo. Nilijenga kwa kazi hiyo.

Miaka kadhaa ikapita, ikawa mwishoni mwa miaka ya sabini. Bwana Makokha alikuwa anahamia ofisi kubwa kidogo na akanipa madaftari ya zamani nichague ya kutunza na ya kuchoma. Nikakuta la mwaka ule. Kwenye ukurasa wa safu ya stoo, chini ya michoro, kulikuwa na mwandiko mkubwa wa mtu aliyeishia darasa la tatu: *Cheni ilifunga mzigo wa lori. Haikupimwa asubuhi. Kosa langu. Okiring.*

Nikaenda na daftari mezani. Bwana Makokha alilitazama, akavua miwani.

"Sifuna alisema haondoi miti mpaka aliyekosea afukuzwe. Ningeenda kortini, ingechukua miaka, na yule mama angelala nje miaka hiyo. Nikamwita mzee. Nikamwambia mmoja wenu lazima aende. Akasema yeye ana muhogo Amukura, na wewe huna hata shamba ya kuku."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Alinikataza. Alisema utashika cheni vibaya ukiwa na deni kichwani."

Sikulala. Asubuhi niliamka mapema, nikailaza cheni kwenye vigingi kama siku zote, nikarekebisha pete moja, nikaikunja, nikaitia begani. Tulikuwa na kazi Malaba. Niliimaliza kabla ya saa sita, nikamwacha mkia wangu na vijiti, nikaenda kwa miguu upande wa Amukura nikiulizia watu.

Nilimkuta katikati ya muhogo wake, ameinama na jembe, mgongo umepinda zaidi ya nilivyouacha. Mistari yake ya muhogo ilikuwa imenyooka kabisa, na kati ya mstari na mstari ameacha njia. Niliita hodi. Akajinyoosha polepole, akajikinga jua kwa mkono, akaniona, akaiona na cheni begani. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Yote yalinitoka kichwani, nikabaki nimesimama nje ya shamba na machozi yananishuka, mtu mzima na watoto wake wanne.

Hakuuliza nimefuata nini.

"Marachi," akasema, "umepima?"

Nikamwambia nimepima, na siku hiyo ilikuwa kweli.